Uji Mweusi wa Kimacho

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa sukari kabla hujafika ukurasa huu, nitakukumbusha kwa kifupi tu, maana leo nina mengi na hasira yangu haijapoa.

Mimi ni dada wa yule mwanamke wa macho makubwa unayemwona kwenye matangazo. Dada wa tumbo moja. Alikuwa akikata tiketi kwenye ukumbi wa sinema, mpaka siku mtu mmoja alipompiga picha dirishani na kuiweka kando ya picha ya Kimacho, yule komba wa katuni anayeendesha teksi angani. Mnakumbuka mchezo ule ulivyovuma. Msomaji wa habari aliwekwa kando ya kobe wa katuni, akakimbilia mahakamani. Mchezaji mpira aliwekwa kando ya karoti yenye meno, akanuna msimu mzima. Mdogo wangu yeye alicheka, akayakodoa macho zaidi, na watoto wakaanza kumwita Kimacho hadi leo.

Mume wangu, aliyekuwa akiuza magodoro, akawa meneja wake. Siku hizi hata mimi namwita Meneja. Mimi nikaacha jiko la hoteli nikaja kumpikia mdogo wangu. Kisha kampuni ya vyakula vyeusi ikamchukua awe sura ya bidhaa zao, na tangu hapo kila kinachoingia kinywani mwake lazima kiwe cheusi: mkate mweusi, aiskrimu nyeusi, sharubati nyeusi, uji mweusi. Weusi wenyewe ni unga wa mkaa wa vifuu, umesagwa laini kuliko poda ya mtoto. Wanasema unafyonza sumu mwilini. Mimi ninachojua ni kwamba unaingia kwenye kucha na hautoki, na ukipiga chafya leso inakuwa kama ya fundi gereji.

Na wiki iliyopita mliniacha nimejibanza nyuma ya gari la kusambaza maji, nikimtazama mume wangu akitoka mlango wa nyuma wa kliniki, mkono wake kiunoni mwa mdogo wangu, kichwa cha mdogo wangu begani kwake.

Haya.

Sikuwafuata. Mwingine angewarukia palepale na viatu mkononi, watu wakajaa, na kesho yake mngesoma habari zangu ukurasa wa mbele badala ya huku nyuma. Mimi nilirudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Huku nikiosha, nikawa najumlisha. Mdogo wangu anakula kama mtu anayejenga barabara na bado nguo zinampwaya. Anatokwa jasho akiwa amekaa. Mikono inamtetemeka. Ukimgusa kidogo anafoka, kisha analia, kisha anaomba biskuti. Na sasa kliniki, tena mlango wa nyuma, tena na mume wangu. Wewe ungejumlisha ukapata nini?

Nilimsubiri jikoni. Alipoingia kutafuta cha kutafuna, nilifunga mlango nikauegemea.

"Wa nani?" nikamuuliza.

"Nini wa nani?"

"Usinizungushe. Mtoto ni wa nani?"

Alikodoa. Na yule akikodoa, amekodoa. "Mtoto gani, Dada?"

"Nimewaona leo. Kliniki, mlango wa nyuma. Amekushika kiuno kama bwana harusi."

Nilitegemea apige magoti. Badala yake alicheka, kicheko kikamgeuka kikawa kilio, nami nikabaki na mwiko mkononi sijui nimpige au nimfute machozi.

"Weka mkono hapa," akasema. Akauchukua mkono wangu, akaubandika kifuani kwake.

Sijui kama umewahi kushika kuku aliyekimbizwa mpaka akakamatwa. Moyo wa mdogo wangu ulikuwa unakwenda hivyo, na alikuwa amesimama tu jikoni, hajakimbia popote.

"Mchana kutwa unakwenda hivi," akasema. "Nikilala nausikia kwenye mto."

"Una nini, mdogo wangu?"

"Tezi, Dada. Ya hapa shingoni. Inafanya kazi kupita kiasi, haijui kupumzika. Daktari aliniambia tangu nilipokuwa nakata tiketi. Ndiyo inayonikondesha, ndiyo inayonitetemesha." Akajigusa kope. "Na haya macho ni kazi yake. Mimi sikuzaliwa nayo, wewe si unajua? Watoto wanashangilia ugonjwa."

Nilijua. Nimembeba mgongoni mtoto yule, nimemnawisha uso kila asubuhi, na macho yake yalikuwa ya kawaida kama yangu. Yalipoanza kukua nilidhani ni wanja wa kisasa. Nilisikia uchungu ambao siwezi kuueleza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefunga jiko, ungenivuta sikio mpaka hospitali, na kampuni ingejua. Nani atanunua mkate wa afya kutoka kwa mgonjwa?"

"Na Meneja je?"

"Shemeji alijua kwa sababu nilizimia kwenye gari lake. Tangu hapo ndiye anayenipeleka, ndiye anayenichukulia dawa. Leo nilishindwa kutembea, ndiyo akanishika." Akafuta pua kwa kiganja. "Bwana harusi! Dada, nawe! Mtu anakoroma kama jenereta, mimi nitampeleka wapi?"

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, tumeshikana, yeye analia na mimi nalia. Mzigo wa siku nzima ulinitoka kifuani. Mume wangu si mwizi, mdogo wangu si msaliti, na mimi si mjinga. Nilivyofurahi, sikuona kwamba mgonjwa bado ni mgonjwa.

Lakini mimi nimeumbwa kushuku, na shaka ikiondoka mlangoni kwangu hurudi kupitia dirishani.

"Dawa si unameza?" nikamuuliza.

"Nameza. Kila asubuhi kwa kificho, na uji wako."

"Sasa mbona unazidi?"

"Hata daktari anashangaa. Kila nikienda anaongeza dozi. Leo ameniuliza kama kweli nameza au natupa. Nikamwapia."

Jioni ile nilimpikia Meneja supu yenye rangi ya supu, nikamkanda na mabega. Alinitazama kwa wasiwasi. Alikuwa hajakandwa mabega tangu alipouza godoro la mwisho.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna. Wewe ni mtu mwema, basi."

Kijiko kilisimama hewani kidogo. Kisha akaendelea kunywa supu.

Asubuhi nyumba ilikuwa imegeuka soko. Wenye katuni ya Kimacho walikuwa wanakuja wenyewe. Wanataka kutengeneza filamu, Kimacho awe mtu halisi badala ya mchoro, na walitaka kumwona mdogo wangu akirekodi tangazo kabla ya kusaini. Sharti lao mnalijua kutoka toleo lililopita: sura isibadilike. Asinenepe uso, na macho yasipungue.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza chumbani kwake, "dawa zimekwisha, na Shemeji ana wageni. Kanichukulie wewe dukani."

Akanipa pakiti tupu. Nikapita mlango wa jikoni. Meneja alikuwa uani akiwaelekeza watu wa kamera pa kupitisha nyaya, hakuniona nikitoka.

Duka la dawa lina mfamasia mmoja, mama wa miwani ya mnyororo, asiyependa kuharakishwa. Aliichukua pakiti, akaisoma. Kisha akatazama vidole vyangu.

"Hizo kucha ni za nini? Unatengeneza magari?"

"Napika."

"Unapika nini, lami?"

"Uji. Mkate. Hivi vyakula vyeusi vya siku hizi, vya mkaa."

Akaacha kucheka. Akaiinua pakiti. "Na huyu mwenye dawa ndiye anayevila?"

"Ni mdogo wangu. Kila siku. Anameza kidonge, anakunywa uji juu yake. Baadaye mkate, mchana sharubati, halafu…"

"Basi, basi." Akavua miwani. "Mama, nisikilize vizuri. Mkaa huo hata hospitali wanao. Mtu akinywa sumu, au akimeza vidonge vingi kupita kiasi, anaweza kupewa huo ili uvishike tumboni kabla havijaingia mwilini. Sasa mkaa haujui kipi sumu kipi dawa. Unashika chochote unachokikuta, unatoka nacho."

"Unatoka nacho wapi?"

"Chakula hutokea wapi, mama?"

Nikaelewa. Nikashika kaunta.

"Kwa hiyo dawa yake…"

"Anaimeza, haimfikii. Daktari anaongeza, mkaa unabeba. Ni sawa na kuitupa chooni kwa njia ndefu."

"Mimi ndiye ninayepika," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto.

"Basi leo usipike hivyo. Aache huo mkaa kabisa, arudi kwa daktari amweleze. Moyo unaokimbia namna hiyo siku zote haukawii kumwangusha mtu." Akanikabidhi dawa, akanitazama kwa hasira ya kweli. "Lakini ninyi vipi? Mbona nilishamwambia yule bwana?"

"Bwana yupi?"

"Anayekuja kumchukulia. Koti la rangi ya haradali, mcheshi sana. Siku moja alikuwa na mkebe wa unga huo mkononi, anautangaza hadi humu ndani, nikamweleza kama ninavyokueleza. Safari iliyofuata nikamkumbusha. Alinishukuru mno. Akaninunulia soda."

Koti lile la haradali nilimchagulia mimi.

Nilirudi nyumbani sijui kwa miguu ya nani. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu na watu wakinipisha. Alijua. Alijua, na kila asubuhi alikuwa akikaa mezani, anamtazama mdogo wangu akimeza kidonge kwa kificho, ananitazama mimi nikikoroga uji, naye anapaka siagi mkate wake. Mkate wake mweupe. Hapo ndipo nilipoligundua hilo: mume wangu hajawahi kula chochote cheusi nyumbani mwetu.

Sebule ilikuwa imejaa taa na nyaya. Mdogo wangu alikuwa chumba cha pembeni akipakwa poda, kipaza sauti kidogo kimeshabanwa kwenye ukosi wake. Alinitazama kwa kupitia kioo, akanyoosha kiganja. Nikampa dawa. Nilipofungua mdomo, fundi wa sauti akanionyesha kidole mdomoni na kugusa vile alivyovaa masikioni. Kila neno lilikuwa linasikika.

Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaiona pakiti mpya. Tabasamu lilibaki usoni, lakini macho yaliondoka.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "njoo mara moja stoo."

Tukajifungia kati ya mikebe ya unga wa mkaa.

"Nani kakutuma duka la dawa?"

"Soda ilikuwa tamu?" nikamuuliza.

"Soda gani?"

"Uliyomnunulia mfamasia. Alipokwambia mara mbili kwamba uji wangu unamuua mdogo wangu."

Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kubisha, nimekunja hadi ngumi. Yeye akaketi juu ya kreti, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Afadhali umejua," akasema. "Nimechoka kulibeba hili peke yangu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nilimwambia siku ileile. Unafikiri sikumwambia? Akanijibu, 'Shemeji, macho haya ndiyo yanatulisha. Nikipona nitarudi kukata tiketi. Acha tezi isubiri filamu iishe.' Akaniapisha nisikwambie, maana alijua ungegoma kupika."

"Muongo."

"Haya. Wewe ndiye uliyemlea. Huyo si mtu wa kusema hivyo?"

Hapo alinipata. Mdogo wangu akiwa mtoto aliwahi kununuliwa viatu vyekundu vikawa vidogo. Alivivaa hivyohivyo, akatembea navyo mpaka soksi zikalowa damu, ukimuuliza anasema havibani. Kwa ajili ya kupendeza alikuwa tayari kukatika vidole. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kusema maneno yale.

Lakini kuna jambo halikuniingia. Jikoni aliniambia daktari anashangaa, na alivyosema, alionekana anashangaa naye.

"Naenda kumuuliza mwenyewe," nikasema.

"Nenda. Ana kipaza sauti shingoni, na wenye filamu wamevaa vya masikioni. Kamuulize habari za tezi mbele yao."

Nikabaki nimeshika kitasa.

"Mimi nataka apone kuliko unavyodhani," akaendelea, sauti imeshuka. "Tufanye hivi. Leo usiweke mkaa. Ile rangi nyeusi ya keki si ipo? Tia hiyo. Macho ya watu hayatajua tofauti, na dawa itamfikia. Ila akikuuliza, mwambie umeweka. Akijua hujaweka, kwa ukaidi wake hatameza kidonge. Jioni wageni wakiondoka, tutakaa naye sisi wawili tumweleze."

Nilimtafuta usoni, nikatafuta uongo kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Sikuona kitu. Niliona mume wangu, amechoka, macho yamelowa.

"Asante," nikamwambia.

Ndiyo, msomaji. Nilimshukuru. Ukitaka kucheka, cheka.

Nikarudi jikoni kwangu. Nikabandika uji kwenye sufuria mpya, ile ya kila siku sikuigusa, isije ikawa na masalio. Nikatia rangi ya keki tone kwa tone mpaka weusi ukakolea. Ulikuwa mweusi kuliko wa mkaa, tena una mng'ao. Nilijisikia mjanja. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilikuwa nakoroga kitu ambacho hakitamdhuru mtoto wa mama yangu.

Kupitia mlango ulio wazi nikamwona Meneja akiingia chumba cha poda. Akamwambia fundi wa sauti, "Dakika moja, mambo ya familia," na yule fundi akabonyeza kitu, akatoka nje kuvuta hewa. Kumbe kipaza sauti kinazimika! Hilo lilinigonga, likapita. Meneja aliinama akamsemesha mdogo wangu sikioni kwa muda, na alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa leso. Nikajiambia anamtuliza. Siku kubwa, mtu ana wasiwasi, shemeji yake anamtuliza. Nikageuza mwiko.

"Kila mtu mahali pake!" mwongozaji akaita.

Tangazo lenyewe ni fupi. Mdogo wangu ameketi mezani, dada mtu anaingia na bakuli, anaweka mbele yake, wanatazamana kwa upendo, Kimacho anakodoa, anakula. Watazamaji wanalipenda kwa sababu dada ni wa kweli. Wenye filamu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, walikuwa wameketi nyuma ya kamera. Meneja alisimama ubavuni mwao.

"Kimya. Tunarekodi."

Nikaingia na bakuli. Nikaliweka mezani. Nikamtazama kwa upendo, na sikuwa naigiza.

Mdogo wangu hakukodoa. Alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kidonge, kile kidogo cheupe, mbele ya kamera. Hilo halikuwemo kwenye tangazo.

"Dada," akasema, "uji huu una mkaa?"

Nikainua macho. Nyuma ya kamera Meneja alitikisa kichwa taratibu kunikubalia, kama mtu anayemtia moyo mtoto jukwaani.

"Unao, mdogo wangu," nikasema. "Kama kila siku. Meza dawa yako, ule ungali wa moto." Hata nilitabasamu.

"Asubuhi hii umeonana na mfamasia?"

"Ndiyo."

"Akakwambia mkaa unaifanya nini dawa yangu?"

Nikamtupia Meneja jicho.

"Akaniambia," nikasema.

"Na bado umeweka."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Machozi yalikuwa yanashuka tu kwenye yale macho, moja hili, moja lile, yakichora njia kwenye poda.

"Shemeji amelia kule ndani," akasema. "Ameniambia mfamasia alimwonya, akaja kwako siku ileile, wewe ukamkataza asiniambie. Leo amekupigia magoti stoo uache mkaa, ukamjibu wasaini kwanza. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe, dada yangu hawezi kunidanganya usoni."

"Sikuweka!" nikapiga kelele. "Ni rangi! Rangi ya keki!"

"Sasa hivi umesema umeweka."

"Nilisema ili ule! Yeye ndiye aliyeniambia niseme hivyo. Si wewe uliyekataa kuacha? Si ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua nini?"

"Habari za mkaa! Si ulimwambia tezi isubiri filamu?"

"Mimi nimejua leo, Dada," akasema. "Leo, kwa mdomo wa Shemeji."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya kulala naye kwenye godoro alilolichagua mwenyewe. Hakuwa na furaha, wala hakuwa na hofu. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri foleni isogee.

Nikamnyooshea kidole. "Muulizeni yeye! Kipaza sauti kilizimwa, alimwambia nini? Muulizeni!" Wenye filamu wakanitazama kama unavyomtazama mlevi aliyeingia msibani. Mwongozaji hakusema simamisheni. Taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.

Nikafanya la kijinga. Nikalinyakua bakuli nikanywa ule uji, moto hivyohivyo, mafunda makubwa, ukanichoma ulimi ukanimwagikia kifuani. "Mnaona? Mnaona?" Wangeona nini? Mkaa haumdhuru asiyetumia dawa. Ningekunywa sufuria nzima na nisingethibitisha lolote, na pale nilipokuwa nimesimama, mdomo wangu mweusi mpaka kidevuni, hata mimi nisingejiamini.

"Twende hospitali," nikamwambia mdogo wangu. "Sasa hivi. Mimi na wewe tu. Achana na hawa."

Nikamshika mkono. Mapigo yake yaligonga kwenye vidole vyangu, yale yale, ya haraka, ya kuchoka. Akauchomoa mkono.

"Usiniguse, Dada."

Akakirudisha kidonge kwenye pakiti. Akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha meza, akageuka upande wa kamera, upande aliposimama mume wangu.

"Kuanzia leo," akasema, "nitakula cha mkono wa Shemeji tu. Na dawa zangu akae nazo yeye."

Yaani mtu ambaye macho yale yakipungua, anakosa filamu. Meneja alivua koti la haradali, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. Kisha akanisogelea taratibu, akanyoosha mkono, akaniomba aproni.